Makoti ya Hamriya

Ngazi ni ishirini na mbili; ya kumi na nne imevunjika.
Nimeandika kwa chaki, kwa lugha nne: RUKA,
na kila Ijumaa hakosi mtu wa kujikwaa akiisoma.

Chumba ni chetu tangu saa nane mchana hadi magharibi.
Chini Sajivani anashona kanzu, na vyerehani vyake
vinanguruma sakafuni kama tumekalia tumbo lenye njaa.
Kiyoyozi tulipewa na shangazi yake Thuwaiba:
kelele nyingi, baridi kidogo,
tabia, asema Thuwaiba, ya ukoo wao mzima.

Kodi riali themanini. Hamsini natoa mimi,
thelathini tunazichanga katika kopo la maziwa.
Mwenye nyumba hupiga simu kila tarehe mosi,
hutusifu kwa thawabu tunazochuma,
kisha huuliza kama zimeshaiva.

Mama yangu alishuka hapa mwaka wa sabini na nne,
Kiswahili tu mdomoni, na mimi tumboni.
Sokoni Matrah aliomba chumvi, akapewa mkasi.
Hakuurudisha. Aliona haya kufungua kinywa mara ya pili.
Usiku ule wakala wali wa chapwa.
Mkasi ndio huu. Tunakatia kadi za herufi.

Basi Julai, nje nyuzi arubaini na sita,
watu wema wa jumuiya fulani wakatuletea katoni.
Tuliomba madaftari. Tukafungua: makoti ya baridi,
kumi na mawili, mazito, yenye manyoya shingoni.
Thuwaiba akavaa moja, akatamba nalo chumbani
kama mfalme wa nchi ya theluji,
tukacheka hata Sajivani akagonga dari kwa fimbo ya kupimia.
Nikaandika daftarini: *Makoti, 12. Ya kutupa.*

Kadzo hakucheka.
Kadzo, anayejifunza kuusoma mkataba wake mwenyewe,
miezi mitatu sasa, amefika mstari wa nne,
akanyoosha kidole kama mtoto wa skuli.
"Mwalimu, naomba moja."
La nini, mwanangu, na jua lote hili?
"Bibi huweka baridi kumi na sita, usiku kucha.
Mimi nalala ukumbini, chini, mlangoni pa watoto."

Hakuna aliyesema. Vyerehani vikasema.

Kisha Nakato: na mimi.
Kisha yule wa kutoka Barka, ambaye jina lake bado nalikosea:
stoo anayolala ina mafriza mawili, akaomba refu.
Kisha mikono tu, bila maelezo.

Miaka sita nimeshika ufunguo wa chumba hiki.
Nimewafunza kuuliza bei, na njia, na jina la dawa,
na *mshahara wangu u wapi*, kwa Kiarabu safi.
Wanalala wapi, sikuwahi kuuliza.
Nilipofuta *ya kutupa* kalamu ilitoboa karatasi
na wino ukaingia ukurasa wa Agosti.

Likabaki moja, la mtoto, bluu, kifungo kimoja hakipo.
Felista akalichukua.
"Wangu yuko Mkuranga," akasema, "huko hakuna baridi."
Akalilaza mezani, juu ya kadi za herufi,
akaunyoosha mkono wa koti,
akaupima kwa shubiri: moja, mbili, na vidole viwili.
Alimwacha hajaota magego.
"Kubwa hili," akasema, akalikunja.
Akalikunjua.
"Au pengine si kubwa."

Thuwaiba alikuwa bado amevaa lake, jasho linamtiririka,
amesahau kulivua.
Kadzo akavuta kiti. Tulikuwa mstari wa tano:
neno la kwanza linaanza kwa *mim*.