Ng' ya Tusekile

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia, inakaa kwenye sweta.
Nimeweka jiko la mkaa kando ya meza,
si kwa ajili ya miguu yangu. Ni ya kompyuta,
ambayo ikipata unyevu hukohoa kama mzee
kabla ya kukubali kuamka.

Flashi imetoka kwa Lugano, karani wa mizani.
Ameifunga ndani ya mfuko wa chumvi, fundo mbili.
Humo mna msimu mzima wa majani mabichi ya chai,
wakulima elfu moja mia mbili na wanne,
maandishi matupu, bila jedwali, bila rangi,
kila jina limebanwa katikati ya mabano yenye pembe.
Alama moja hufungua jina.
Nyingine hulifunga, nayo ina mkwaju,
fimbo iliyoegemezwa mlangoni
kuonyesha kwamba mwenyewe keshaingia.
Kisha kilo: fungua, funga.
Kisha kijiji. Kisha mkulima mzima, funga.

Bibi yangu hakusoma, ila lugha hii angeielewa.
Kwake salamu isiyojibiwa
ni mlango uliolala wazi.
"Ndaga," anasema mgeni.
"Ndaga," anajibiwa,
ndipo kiti kinapovutwa.

Nikabonyeza *Ingiza*.
Kanzidata ikaanza kumeza watu,
Kiwira wote, Kandete wote,
safu zikijaa kama vikapu asubuhi ya jua,
mpaka mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Ikagoma.
*Kosa*, ilisema. Haikuongeza neno.

Mstari ule ulikuwa na Tusekile Mwang'onda.

Shuleni tuliiita ritifaa,
kile kidoa kinachoning'inia juu ya mstari
ili ng' ipite puani isikwaruze koo.
Mashine haina pua.
Iliona kidoa ikadhani ni mwisho wa maneno,
ikamkata mama wa watu kwenye *Mwang*,
na *onda* ikabaki nje, inanyeshewa.

Katibu wetu, Bwana Asangalwisye, alichungulia begani pangu
na chai yake mkononi.
"Kitoe hicho. Andika Mwangonda tu. Nani atajua?"
Nikashuka naye hadi mstari wa themanini na saba.
Tusekile Mwangonda yupo.
Wa Masoko. Hana ritifaa.
Ana deni la mbolea, mifuko mitatu.
Katibu akanywa chai yake kimya.

Umeme ukakatika. Ukarudi saa kumi.
Nikaanza upya, na safari hii nilijua dawa:
ritifaa huandikwa mara mbili.
Ya kwanza humnong'oneza mashine,
inayofuata usiiogope, ni ya jina lake.
Basi. Wakaingia wote, elfu moja mia mbili na wanne,
na mimi nikacheka peke yangu ofisini
kama mtu aliyemkuta kuku wake kwa jirani.

Alhamisi akaja kuchukua malipo,
mabuti yamejaa tope jekundu, mwavuli umevunjika ubavu.
Nikaliita jina kwa sauti, ng' yake nzima,
nikaisindikiza puani kama inavyostahili.
Kilo mia mbili na kumi na nne. Akahesabu noti,
akahesabu tena.
"Hamjanikata mbolea?"

Nikamweleza kwa majivuno kidogo, nakiri,
habari ya kidoa, ya mashine isiyo na pua,
ya yule mwenzake wa Masoko
ambaye nusura deni lake limwangukie yeye.

Akaketi kwenye ukingo wa benchi.
"Yule somo yangu," akasema.
"Mbolea ile alikopa yeye kwa sababu anajua kuandika.
Mfuko mmoja na nusu uko shambani kwangu."

Jiko lilikuwa limezimika.
Kielekezi kilipepesa, kilipepesa,
nami nikapekua jedwali toka safu ya kwanza hadi ya mwisho,
nikitafuta pa kuyaweka hayo.