Karatasi ya Mwezi

Kila tarehe ishirini na tano shule hutuletea karatasi,
mwezi mzima wa chakula kwa herufi ndogo kama sisimizi:
Jumatatu supu ya miso, Jumanne mkate na mchuzi mzito,
Ijumaa kari. Na kila siku, bila kukosa, chupa ya maziwa.
Huketi na kalamu nyekundu vyombo vikishaoshwa.
Yai. Ngano. Maziwa. Yai tena.
Nikimaliza, mwezi una surua.

Kisha naanza kughushi.
Naam, kughushi, sina neno jingine:
mkate wa unga wa mchele nauchoma mpaka upate rangi ya mkate wao,
kari naizidishia karoti za kusaga,
kimanda nakiiga kwa boga,
nakikunja, nakikata pembe, nakitazama kwa mbali
jicho moja nimelifumba
kama mtu anayekagua noti.

Yote hayo ili Chinatsu, darasa la tano, dawati la dirishani,
akifungua kisanduku chake saa sita na robo
asionekane.

Wala hawamtesi. Hilo ndilo gumu kuwaeleza shangazi zake.
Theluji ya Tokamachi ikipanda hadi madirishani
watoto husukuma madawati sita sita yakawa meza,
na la kwake hubaki shubiri mbili kando,
pale Mwalimu Kuwabara alipobandika utepe wa manjano sakafuni
kwa upendo, kwa rula,
baada ya siku ile ya tone moja la maziwa
na sindano ya pajani, na gari la wagonjwa kukwama njiani.
Tangu hapo wanamwogopea.
Mtoto akichukiwa, utajua wa kumkemea.
Akiogopewa hivi, umkemee nani?

Sherehe ya kuzaliwa ya Wakana tuliisikia Jumatatu.
Mama yake aliinama mara tatu mbele ya duka la dawa:
"Tungeanzaje kumwalika? Na kama tungemuua?"
Nami nikainama mara nne. Nikamshukuru.

Watu husema mla nawe hafi nawe.
Mwanangu hana hata huyo wa kula naye.

Halafu, Februari, akaja na habari kwa sauti ya kutangaza hali ya hewa.
Ryohei, yule wa duka la matairi, mwenye pua isiyokauka,
humaliza maziwa yake kwa pumzi moja,
huenda bombani, husugua mikono hadi viwikoni,
husukutua, huosha hata masharubu meupe,
hurudi ameinua mikono kama daktari wa upasuaji,
maji yakimchuruzika ndani ya sweta,
akaketi, visigino juu ya utepe.
Zinakuwa zimebaki dakika saba. Hizo saba ni zao.

"Huongea nini?"
"Matairi," akasema. "Na huicheka kari yako.
Anasema inafanana na yetu kama mtu aliyevaa wigi."

Nilikasirika, kusema kweli. Karoti zile nilizisaga usiku wa manane.
Lakini yeye alikuwa anacheka, meno yote nje,
hata lile lililovunjika ambalo hulificha.
"Mama, usinifananishie tena.
Nipikie magimbi. Yale ya bibi, yanayoteleza.
Ryohei hajui gimbi linavyokikimbia kijiti."

Jana karatasi ya Machi imefika.
Jikoni magimbi yanachemka na maganda yake,
viganja vyangu vinawasha kwa yale niliyomenya jana yake.
Nikafungua kalamu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye yai la kwanza,
nikaliweka alama, na la pili, na maziwa yote,
maana sumu ni sumu hata mtu akiwa na rafiki.
Kisha nikakaa tu, kifuniko cha kalamu mdomoni,
nikipiga hesabu pembeni mwa karatasi:
dakika saba, mara siku kumi na sita za shule.
Haifiki saa mbili.
Nikahesabu tena.