Siku ya Arobaini na Tatu

Tumetoka. Shangani, meza ya pembeni,
karibu na mlango, tuweze kukimbia.
Mfaume kabeba mkoba wa nepi
utadhani tunahamia Masasi.

Pweza wa nazi akaja anafuka moshi.
Tabia akafumbua macho.

Basi tukala kwa zamu:
yeye anatafuna, mimi nazunguka na mtoto kati ya viti,
nasoma bei za soda ukutani,
nampungia muuza ming'oko kule nje.
Kisha zamu yangu, mkono mmoja,
tonge linapita juu ya kichwa chake,
pilipili nimeikataa:
kidole hikihiki ndicho kitakachompangusa mdomo.

Somoe, mhudumu, akafuta mikono:
"Nipe huyo. Nimelea watano. Kuleni."

Tukabaki wawili, mikono minne mitupu,
tukitazamana kama wachumba waliokutanishwa jana.
"Mchuzi mtamu," akasema.
"Umepoa," nikasema.
Tukacheka, tukaulamba hadi sahani ikang'aa.
Dakika tano hazijatimia, nikageuza shingo:
yuko wapi?

Usiku, nikimwogesha,
nikakuta punje ya wali
kwenye kikunjo cha shingo yake.

Nikaila.