Mkiani

Tulitoka Isanga chai ingali vikombeni,
bibi yao kavaa koti la marehemu babu juu ya kanga,
Subilaga na viatu vya Pasaka vinavyombana,
Gwamaka, miaka minne, na neno moja wiki nzima: simba.
Tukiwahi, alisema Ambakisye, hatutakuta watu.
Ambakisye husema hivyo kila mwaka.

Uyole nzima ilikuwa imewahi.
Foleni ilianzia lango la Nanenane,
ikapita kwa muuza miwani ya plastiki,
ikapinda penye trekta,
ikaja kutupokea barabarani kama mwenyeji.
"Mwisho ni wapi?"
"Mwisho ni wewe, mama."
Nikasimama, nikawa mwisho,
kwa dakika moja tu: nyuma yangu tayari pumzi ya mtu
na fito za miche yake ya parachichi zikinichoma kiunoni.

Agosti ya Mbeya haina adabu.
Asubuhi baridi inakung'ata masikio,
saa sita jua linakuchubua pua,
na siku nzima vumbi, laini kama sembe, hadi kwenye meno.
Subira huvuta heri, alisema bibi.
Subira ile ilivuta vumbi,
ikavuta na jamaa wa kofia ya pama
aliyepita pembeni akisema, "Nina mtu wangu pale mbele,"
na mtu wake naye alikuwa na mtu wake,
hadi tukagundua tunarudi nyuma huku tumesimama.

Kipaza sauti: mtoto ameokotwa,
wa kiume, sweta la kijani,
anasema baba yake anaitwa Baba.
Akina baba mia tatu wakageuka.
Wangu akampapasa Gwamaka kichwani, ahakikishe.

Dirishani wakasema: mtoto mwenye meno hulipa.
Gwamaka akafumba mdomo.

Ndani tukapanga foleni ya chipsi, tukapanga ya choo.
Subilaga akapanga ya choo mara mbili,
maana zamu yake ilipofika haja ilikuwa imeghairi.
Hapo ndipo mimi na Ambakisye tuligombana,
kwa sauti ya chini, kwa Kinyakyusa, tabasamu usoni,
habari ya nani kasahau maji nyumbani,
na mama mmoja mbele yetu, kumbe mtu wa Tukuyu,
akatunyooshea chupa yake bila kugeuka.

Foleni ya simba ndiyo ilikuwa na mkia mrefu kuliko zote.
Masaa mawili na ushei.
Nilijifunza shingo ya aliye mbele yangu
kuliko ninavyoijua ya mume wangu:
kovu la wembe, kola iliyogeuzwa ikashonwa upya,
jasho lililokauka likaacha ramani.
Bibi aliketi juu ya dumu tupu,
kila tukipiga hatua analisukuma kwa kisigino,
anaketi tena.

Tulipofika, simba amelala,
katugeuzia mgongo.
Tuliona mkia. Mkia, na nzi watatu,
na askari wa wanyamapori: sogea, sogea, wengine nao waone.
"Na yeye anasubiri nini?" akauliza Gwamaka.
Sogea, mtoto.

Safari ya kurudi siisimulii.

Kesho yake nafungua mlango wa sebule,
nakuta kamba ya kuanikia nguo
imefungwa kutoka kochi hadi kabati.
Gwamaka kasimama na daftari lililochanwa vipande: tiketi.
Mbele yuko dada yake, peku;
kisha doli asiye na mkono, kisha baba yao
anasoma gazeti, zamu yake bado;
kisha ndoo.
Ndani ya tenga la nguo chafu, paka,
mgongo kwetu.

Nina nguo za kufua. Maharage yako jikoni.
"Mwisho ni wapi?" nikauliza.
"Mwisho ni wewe, mama."
Nikasimama nyuma ya ndoo.

Mara bibi yao akatoka chumbani na koti lake la kiume,
akatupita sote, dumu mkononi:
"Nina mtu wangu pale mbele."