Jino la Pembe

Jino la pembe si dawa ya pengo, tunasema.
Saima Heikura haijui methali hiyo.
Yuko Kajaani, Januari, saa tisa mchana na giza limeshatua,
mbele ya mashine ya kampuni iliyokufa zamani,
inayopima unyevu wa karatasi kila sekunde
kwa sababu hakuna aliyeiambia kuwa ni yatima.

Maktaba yake ya C ina mapengo.
Ukiita memmove, haitiki mtu.
Ukiita snprintf, kimya.

Basi anachonga.
Kwanza cha kuhamisha baiti.
"Chukua benchi," anamwambia Oiva, kijana wa mazoezi,
"watu bega kwa bega, wote wasogee nafasi moja kulia.
Ukianza na wa kushoto, atamkalia jirani,
na jirani ndiyo basi tena. Anza na wa mwisho."
"Na wakienda kushoto?"
"Geuza. Mashine haina haya. Wewe ndiye wa kuona haya kwa niaba yake."

Mistari kumi na minne, bila ujanja.
Ujanja hujua nyumba moja tu;
hiki kilale popote, herufi ikihesabiwa hasi au chanya,
namba ikianzia kichwani au mkiani.
Na juu yake anaweka sharti:
mashine ikiwa na chake, hiki kisiamke.

Nalipenda sharti hilo.
Siku nzima ya kazi, na neno lake la kwanza
ni kuomba kisihitajike.

Snprintf ikamla wiki tatu.
Desimali zilimtoa jasho, lakini si desimali zilizomsimamisha.
Ni kanuni ile ndogo:
ukipewa kisanduku cha herufi kumi na una thelathini za kusema,
andika tisa, funga kwa sifuri,
kisha rudisha thelathini.
Si ulichosema. Ulichokuwa useme.

Kahawa ikapoa.

Oktoba, hospitalini, mama yake alisema,
"Saima, lile sanduku la—"
na upande wa mdomo ukagoma.
Siku nne baadaye wakafunika uso.
Masanduku yalikuwa saba. Ameyafungua yote:
vitambaa, risiti, funguo zisizo na kufuli.

"Mashine nyingine za zamani," Oiva anasoma,
"zilirudisha hasi moja."
"Ndiyo," anasema Saima. "Yaani haikutosha.
Kwa kiasi gani, hazikusema."

Anaandika mstari wa kurudisha. Anaufuta. Anauandika.
Oiva anajaribu kwa kisanduku cha kumi,
cha kimoja, kisha kisicho na nafasi kabisa.
Thelathini. Thelathini. Thelathini.

Ng'ambo ya kioo karatasi inazidi kutoka,
nyeupe, pana kuliko kitanda,
nafasi tele,
na neno hata moja hakuna.