Tundu la Nne

Magari mawili, boneti wazi, gerejini kwa Mwasote, Iyunga.
Julai. Ukungu haujaiachia Loleza,
nasi tunapuliza viganja.

Kiwanda kimoja, Ujerumani, mwaka mmoja,
pua ileile ya figo mbili.
Baada ya hapo, tuulizane.

Langu lilipelekwa Japani kwanza, likafunzwa adabu.
Kasi imefungwa mia na themanini.
Redio haivuki tisini,
kwa hiyo Mbeya nzima kwangu ni mikwaruzo.
Kwenye kioo kuna kibandiko
ambacho sijui kama ni onyo au dua.
Sijakibandua.

La Ambokile lilikulia Afrika Kusini.
Limeingia kwa Tunduma juzi, na vumbi la nchi nne.
Silinda sita kama zangu, ila huko walizipanua;
springi ngumu kama neno la mdai,
na bomba halina kichujio:
likinguruma, kuku wa jirani wanahama.

"Lako limehasiwa," anasema,
kwa Kiswahili kilichopauka.
Tumenyonya ziwa moja, Tukuyu.
Kisha miaka kumi na tisa, yeye Germiston.
Nilipomwambia *ugonile*
alitafuta jibu kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Jumapili tukapanda Kawetire.
Kona ya tatu akaniacha.
Nikabaki na mia na themanini zangu,
ambazo mlima ule haujawahi kumdai mtu.
Nikasikia mlio wake juu, kwenye misonobari,
halafu sikusikia kitu.

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe.
Pampu ya maji imepasuka, maji yanatambaa barabarani.
Hakusema lolote kuhusu kuhasiwa.
Nikalivuta kwa kamba, mteremko wote,
yeye nyuma anakanyaga breki, mimi mbele ninaomba.

Mwasote akasema: chomoa ya hili, vika lile.
Si pacha hawa?
Kesho anasafiri; langu litalala juu ya matofali.
Nikachomoa.

Matundu matatu yakakaa.
La nne likagoma, unene wa ukucha tu.

Ambokile akainama, akakitazama kile kijinafasi muda mrefu,
akasema kitu kwa Kizulu,
halafu, polepole, kwa Kinyakyusa, akaomba tochi.

Nikamshikia.
Mwasote alikwisha kwenda kutafuta tupa.