Shimo la Kumi na Nne, Miyazaki

"Bendera ni mwongo," alisema Tokie,
miaka thelathini na mmoja ya kubeba mikoba ya watu,
glavu nyeupe, kofia yenye kitambaa cha kukinga shingo.
Daktari Shimozato hakusikia. Mng'oa meno mstaafu
hajazoea kuambiwa pa kulenga.
Chuma namba saba: mpira ukapaa, mzuri, mzuri mno,
ukatua nyuma ya shimo, hatua tatu tu,
na hapo ndipo msiba.

Kwani zulia hili limeinamia bahari,
na nyasi zake, fupi, ngumu kama nywele za brashi,
zimelala upande huo huo.
Ukiwa juu ya shimo huupigi mpira: unauomba.
Akauomba. Ukapita mlangoni mwa shimo bila hodi,
ukashuka, ukashuka, ukatoka zuliani,
ukatulia mchangani kama mgeni aliyekosea nyumba.

Tokie akafuta fimbo kwa taulo. Kimya.
Kisha, bila kumtazama:
"Kesho piga mfupi. Uache chini ya shimo,
hata hatua kumi, si aibu.
Kwenye mpando mtu hupiga kwa moyo wote."

Kesho ilikuwa Alhamisi, na manyunyu.
Akalenga pasipo na kitu,
kona ya kushoto, nyasi tupu.
Akasukuma mara mbili, basi.
Hakusema asante. Aliinama kuokota mpira,
akakawia pale chini,
akipapasa nyasi kwa kiganja,
ajue zimelala upande gani.